Simu Inayokuona Ukichuchumaa: Ubunifu wa Mazoezi ya Nyumbani kwa Uhalisia Ulioongezwa

Mnamo Aprili 2020, karantini ya korona ilipokuwa imebana na watu wamekatazwa kukimbia mabarabarani, Rais Yoweri Museveni alitoa video akifanya mazoezi ofisini mwake. Alizunguka chumba akikimbia bila viatu, kisha akashuka sakafuni na kupiga pushapu 30, akiwa na umri wa miaka 75. Video hiyo ilisambaa kwenye simu za Waganda wengi, na bila shaka wapo walioiegemeza ukutani wakashuka pamoja naye. Hata hivyo ilikuwa na upungufu ambao video zote za mazoezi zinao: mtazamaji anamwona mwalimu, lakini mwalimu hamwoni mtazamaji. Umelegeza kiuno, au umeishia pushapu ya saba na kulala kifudifudi, mwalimu anaendelea kuhesabu kana kwamba mko sawa.

Teknolojia ya uhalisia ulioongezwa (kwa Kiingereza augmented reality) inajaribu kuuondoa upungufu huo, na kwa maoni yangu ndio unaofaa kuwa kipimo chake. Wengi wanaposikia jina hilo huwaza mambo ya kuvutia macho, kama mwalimu wa nuru anayejitokeza sebuleni. Katika mazoezi ya nyumbani picha ya namna hiyo ni sehemu rahisi. Ugumu uko katika kukifanya kifaa kimwone mtu vizuri, kijue ni wakati gani hakimwoni, na kimwambie jambo analoweza kulitumia huku jasho likimtoka na simu ikiwa mita mbili mbali naye.

Tuanze na maana. Mtafiti Ronald Azuma, katika makala yake ya mwaka 1997 ambayo hadi leo inarejelewa, aliweka masharti matatu: mfumo uunganishe vitu halisi na vya kuchorwa, uitikie papo hapo, na vitu vya kuchorwa vikae mahali pake katika nafasi halisi yenye urefu, upana na kina. Sharti la tatu ndilo linalotofautisha teknolojia hii na maandishi yaliyobandikwa tu juu ya picha, kwa sababu mstari uliochorwa kwenye goti lako unapaswa kulifuata goti hilo popote linapokwenda. Uhalisia pepe ni jambo jingine: huo hufunika macho kabisa, na aliyevaa kifaa chake hamwoni mtoto anayetambaa kuelekea miguuni pake.

Huenda msomaji akauliza kama Uganda inahitaji jambo hili hata kidogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Lancet Global Health, ukitumia takwimu za hadi 2016, uliiweka Uganda mahali pazuri kuliko nchi zote zilizopimwa: asilimia 5.5 tu ya watu wazima hawakufikia kiwango cha mwendo kinachohitajika, ilhali Kuwait ilikuwa na asilimia 67. Anayelima kwa jembe, anayebeba maji na anayetembea kwenda sokoni hahitaji simu imfundishe kuchuchumaa. Lakini wastani wa taifa hauketi ofisini Nakasero, katikati ya Kampala, kutwa nzima, wala hauketi juu ya pikipiki ya boda kuanzia alfajiri hadi usiku. Isitoshe, yupo mgonjwa wa kiharusi aliyeonyeshwa mazoezi hospitalini mara moja, akarudi nyumbani wilayani ambako hakuna wa kumwangalia kama anayafanya ipasavyo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki kwa watu wazima, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Kwa watu wa aina hizi dakika hizo zitapatikana nyumbani, au hazitapatikana.

Uamuzi wa kwanza wa mbunifu ni kamera ipi itumike. Wengi huupita haraka, na baadaye huurudia kwa gharama. ARKit ya Apple, iliyotoka mwaka 2017, na ARCore ya Google, iliyokamilika mwaka 2018, ambazo ni zana za kujengea programu za uhalisia ulioongezwa, hutegemea zaidi kamera ya nyuma ya simu: hulinganisha alama zinazoonekana kwenye picha na mwendo unaopimwa na vihisi vya ndani, zikajua simu iko wapi chumbani na sakafu iko wapi. Kwa njia hiyo mwalimu wa kuchorwa anaweza kusimama juu ya sakafu yako asielee hewani. Tatizo ni la mikono. Ukimtazama mwalimu kupitia kamera ya nyuma unalazimika kuishika simu, na anayeshika simu hapigi pushapu. Ukiiegemeza ukutani ili kamera ya nyuma ikuone wewe, basi skrini imeugeukia ukuta na huoni chochote. Zaidi ya hayo, ARCore hukubali simu zilizothibitishwa tu, na simu nyingi za bei nafuu zinazouzwa Kampala hazimo, nyingine kwa sababu hazina hata kihisi cha kupima mzunguko.

Kamera ya mbele hutatua hayo kwa kuacha baadhi ya uzuri. Simu inaegemezwa, unajiona kwenye skrini, na programu inachora mistari juu ya mwili wako mwenyewe. Kioo cha simu kinakuwa kioo kweli. Hakuna mwalimu anayesimama sakafuni, lakini kuna jicho linalokutazama, na hilo ndilo tulilokuwa tukilitafuta. Njia ya tatu, ya vifaa vya kuvaa kichwani, nitaipita upesi. Meta Quest 3 ya mwaka 2023 ina uzito wa gramu 515, na Apple Vision Pro ilianza kuuzwa Marekani mwaka 2024 kwa dola 3,499, yaani zaidi ya shilingi milioni 12 za Uganda. Uzito huo mbele ya uso, ukiruka kamba na jasho likitiririka, si jambo la mchezo hata kwa mwenye fedha.

Sasa tuingie ndani ya jicho lenyewe. Mwaka 2010 Microsoft ilitoa Kinect, kifaa kilichotumia mwanga usioonekana kupima umbali wa kila sehemu ya mwili. Leo kazi inayofanana na hiyo hufanywa na kamera ya kawaida kwa msaada wa programu iliyofunzwa kwa picha nyingi za watu ambazo viungo vyao vimewekewa alama. BlazePose ya Google, iliyotolewa mwaka 2020, hutaja nukta 33 za mwili. MoveNet hutaja 17. Kwa kila nukta programu hutoa mahali ilipo katika picha na kiwango cha uhakika kati ya 0 na 1. Kuanzia hapo hesabu ni ya darasani: chukua nukta ya nyonga, ya goti na ya kifundo cha mguu, pima pembe. Mtu aliyesimama wima ana pembe inayokaribia nyuzi 180 gotini. Aliyechuchumaa hadi paja likalingana na sakafu anakaribia nyuzi 90.

Mtu angedhani kuhesabu ni rahisi baada ya hapo. Weka mpaka, tuseme nyuzi 120, na kila pembe inapovuka mpaka ongeza moja. Nilijenga programu ya majaribio kwa namna hiyo, na nilipoijaribu mwenyewe iliniandikia michuchumao 31 nilipokuwa nimefanya 12. Sababu yake ni kwamba nukta hazitulii. Hata mtu akisimama kama mlingoti, nukta ya goti hucheza pikseli chache huku na huko, na mtu aliyechoka, ambaye mapaja yanamtetemeka karibu na mpaka, huuvuka mara tatu katika mchuchumao mmoja. Dawa yake ni mipaka miwili: pembe ishuke chini ya nyuzi 100 ndipo programu ikubali kwamba umeshuka, kisha ipande juu ya 160 ndipo ihesabu moja. Katikati ya mipaka hiyo programu hainyanyui kidole. Unaweza pia kuzituliza nukta kwa kuchukua wastani wa picha kadhaa zilizopita, lakini kila picha unayoisubiri ina gharama. Kamera ya picha 30 kwa sekunde hutumia milisekunde 33 kwa kila moja, hivyo wastani wa picha kumi huifanya programu ionekane mzito wa kuelewa, inayosema "nyoosha mgongo" wakati mtu ameshanyooka.

Kuna jambo ambalo jicho hili moja haliwezi, nalo ni kina. Picha ni bapa. Ukichuchumaa ukiitazama simu uso kwa uso, programu huona vizuri kama magoti yanaingia ndani, ila kina cha kushuka hukikisia; ukigeuka ubavu, kina kinaonekana wazi lakini mguu mmoja unaufunika mwenzake. Mbunifu mwangalifu hachagui upande mmoja akanyamaza. Humwomba mtu afanye michuchumao mitano ubavu na mitano uso kwa uso, na kila upande hukosoa kile tu kinachoonekana kutoka upande huo.

Mama mmoja, jirani yetu wa Kawempe jijini Kampala, alikubali kuijaribu programu ile baada ya kuirekebisha. Chumba chake ni muzigo, yaani nyumba ya kupanga ya chumba kimoja, kama ilivyo mingi ya mtaa ule: kitanda nyuma ya pazia, makochi mawili yenye vitambaa vya kufuma, madebe ya maji mlangoni, na katikati eneo la sakafu ya saruji ambalo mtu akilala chali hulijaza lote. Tuliiegemeza simu kwenye dumu la lita 20. Alifunga leso juu ya gauni refu, akaanza. Programu ilimwambia mara ya kwanza, ya pili na ya tatu kwamba hakushuka vya kutosha, naye alikuwa ameshuka kuliko mimi.

"Mwanangu, hii simu yako inaniona kweli?" akauliza.

"Inaona leso, mama. Magoti inabahatisha."

Nilifungua kumbukumbu za jaribio jioni hiyo. Kiwango cha uhakika wa magoti kilikuwa kimeshuka sana, na programu ilikuwa inajua hivyo, kwa kuwa namba zenyewe zilikuwa mbele yake. Kosa lilikuwa langu: niliichukua pembe nikaitupa namba ya uhakika. Tangu hapo kanuni yangu ni kwamba uhakika ukishuka, programu haikosoi. Inasema, "Magoti siyaoni," na inapendekeza kuikaza leso au kugeuka kidogo. Kumlazimisha mama wa rika lile avae nguo za kubana ili kamera ifurahi ni ubunifu uliokosa adabu.

Mwanga ni ndugu wa tatizo hilo. Muzigo una dirisha dogo, mara nyingi moja, na mtu akisimama mbele yake hubaki kivuli cheusi. Chumba kikiwa na giza kamera huacha picha ikusanye mwanga kwa muda mrefu zaidi, na mkono unaokwenda kasi hugeuka ukungu. Ngozi nyeusi mbele ya pazia la kahawia saa kumi na mbili jioni ni mtihani ambao programu iliyofunzwa zaidi kwa picha za vyumba vyeupe vya Ulaya inaweza kuushindwa. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walionyesha kwamba mifumo ya kutambua jinsia kwa sura ilikosea hadi asilimia 34.7 kwa wanawake wenye ngozi nyeusi, huku kwa wanaume wenye ngozi nyeupe kosa halikuzidi asilimia 0.8. Mifumo ile ilihusu nyuso, wala sitaki kuzihamishia namba zake kwenye magoti. Ila anayebuni kwa ajili ya Kampala na akaijaribu kazi yake ofisini chini ya taa za dari peke yake anajidanganya.

Sakafu nayo ina siri yake. Programu zinazotafuta sakafu hushika alama: kona, madoa, mahali rangi inapobadilika. Saruji tupu haina cha kushika, na ile iliyopakwa nta nyekundu ikang'aa ni mbaya zaidi, kwa sababu mng'ao huhama kila simu inapohama. Mkeka wa ukindu, ule wenye mistari ya zambarau, kijani na rangi ya waridi unaouzwa kila soko la Uganda, huipa kamera alama tele. Ni kweli kwamba nakshi zinazojirudia zinaweza kuichanganya programu, ikadhani mstari huu ndio ule. Kingo za mkeka husaidia kurekebisha hilo. Faida kubwa zaidi ni kwamba mkeka ni mpaka ambao kila mtu nyumbani anauelewa. Badala ya kumchorea mtu duara la buluu sakafuni, mwambie atandike mkeka, kisha programu iangalie kama miguu imetoka nje yake. Mtoto akiingia ndani ya mkeka, yaani mwili wa pili ukionekana, hesabu isimame mara moja bila kuuliza. Na kama dari ni la mabati ya chini, kuruka kuondolewe kwenye ratiba. Hata jirani wa ukuta wa pili atashukuru.

Nimeacha hadi sasa jambo ambalo huwashangaza wanafunzi wa ubunifu. Kwenye simu iliyo mita mbili mbali, skrini ya inchi sita hubeba machache sana. Anayepiga pushapu anatazama sakafu. Anayefanya zoezi la tumbo anatazama dari. Kiungo kinachobaki wazi ni sikio, na kwa hiyo uhalisia ulioongezwa wa mazoezi, kinyume cha jina lake katika mawazo ya watu, unasikika kuliko unavyoonekana. Picha itumike kabla ya zoezi, kuonyesha umbo, na baada yake, kuonyesha kosa. Katikati sauti iongoze.

Hapa Kiswahili kinatoa zawadi. Moja hadi kumi, kila namba ina silabi mbili, hata nne ukiitamka n-ne. Shuka na "mo", panda na "ja". Ukifika "kumi na moja" mwendo unavunjika, na ndiyo maana napendelea kuhesabu makumi na kuanza upya: kumi la kwanza, kumi la pili. Aliyewahi kukimbia mchakamchaka anajua kwamba pumzi hufuata wimbo, na kwamba ukiharibu wimbo umeharibu mstari mzima wa wakimbiaji.

Lakini zawadi hiyo ina mwiba katika nchi hii. Kiswahili kilitajwa katika katiba kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Hata hivyo kwa Waganda wa umri fulani hii ni lugha ya jeshi na ya vizuizi vya barabarani, lugha waliyoisikia kwanza kwa amri. Programu inayopayuka "Shuka! Simama! Geuka!" kwa sauti nzito ya kiume inaweza kumkumbusha mtu mambo ambayo hakuja kuyakumbuka. Tulijaribu sauti ya mwanamke, ya utulivu, inayoanza na "Karibu, mama" au "Karibu, mzee", kisha ikapunguza maneno wakati wa zoezi lenyewe. Heshima yote iwekwe mwanzoni na mwishoni. Katikati ya pushapu hakuna anayetaka sentensi. Kulia na kushoto nako kunachanganya, kwa kuwa kwenye kioo kulia kwako kunakuwa upande ambao mwalimu aliyekukabili angeuita kushoto. Njia iliyotufaa ni kuuliza mwanzoni dirisha liko upande gani, kisha kusema "mkono wa dirishani". Hakuna aliyekosea tena.

Kuhusu juhudi, kamera haijui mapigo ya moyo, na mbunifu asijifanye kwamba anayajua. Kipimo cha zamani kinatosha: mazoezi yakiwa ya wastani mtu anaweza kuongea lakini hawezi kuimba. Programu inaweza kumuuliza swali fupi kila baada ya dakika chache na kusikiliza kama jibu limekatika kwa pumzi. Mwenye shinikizo la damu aambiwe atoe pumzi anaponyanyuka, asiizuie.

Jicho linalokuona nyumbani huona na mengine: kitanda, mtoto anayeogeshwa kwenye beseni, mume aliyelala. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inadai ridhaa kabla ya kukusanya taarifa za mtu, na ya mzazi pale zinapomhusu mtoto. Njia safi kuliko zote ni kutopeleka picha popote. Programu za kutambua nukta zina ukubwa wa megabaiti chache, na simu ya wastani huziendesha yenyewe. Kinachohifadhiwa ni pembe na hesabu, na picha hufutwa papo hapo. Faragha hapa inakutana na mfuko, kwani tangu Julai 2021 data ya intaneti Uganda inatozwa ushuru wa asilimia 12, na hakuna atakayenunua bando kila siku ili achuchumae. Gharama inahamia kwenye betri: simu hupata moto, na ikipata moto hupunguza kasi yake, na nukta huanza kuchelewa. Kupunguza picha kutoka 30 hadi 15 kwa sekunde hakumdhuru anayechuchumaa polepole.

Swali la kama mtu ataendelea kuitumia baada ya mwezi lina jibu lisilopendeza. Mchezo wa Pokémon GO ulipotoka mwaka 2016, utafiti uliochapishwa katika jarida la BMJ ulikuta wachezaji vijana nchini Marekani wameongeza wastani wa hatua 955 kwa siku katika wiki ya kwanza; kufikia wiki ya sita walikuwa wamerudi walipokuwa. Ugeni huisha. Alama na vikombe vya kuchorwa huuchelewesha mwisho huo kwa siku chache tu, na mimi nimeacha kuviweka. Kilichomrudisha jirani yetu kwenye mkeka ni kuonyeshwa kwamba pembe ya goti lake la kushoto, lile linalomuuma, ilikuwa imeshuka nyuzi kadhaa kuliko wiki mbili zilizopita.

Jaribio la mwisho nililolifanya naye lilikuwa la jioni, na umeme ulikatika katikati ya kumi la pili. Kabla ya hapo programu ingeendelea kubahatisha gizani au ingejizima. Safari hii ilisema, "Sikuoni. Endelea kuhesabu mwenyewe, ukimaliza niambie umefika ngapi." Nilikuwa nimekaa kwenye kochi, na mimi simwoni, nilisikia tu mkeka ukikwaruza sakafu na pumzi zikienda. Baada ya muda akasema, "Kumi na nane." Programu ikaandika 18, na pembeni yake alama ndogo inayoonyesha kwamba hesabu hiyo imetoka kwake.